Je, Mungu ni Mkubwa Mno kwa Shida Zetu?

Siku moja nilipokuwa nikiwatembelea Wakristo vijijini nilimkuta mzee mmoja ameketi kando ya zizi lake, ameshika tama. Ng'ombe wake wa pekee, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyolipa ada ya shule ya mjukuu wake, alikuwa hawezi kusimama. Nilimwuliza kama amemwomba Mungu. Akanitazama kwa mshangao. "Baba Padre," akasema, "Mwenyezi Mungu ana ulimwengu mzima wa kuutunza. Mimi ni nani hata nimsumbue kwa ajili ya mnyama?"

Nakiri kwamba sikuweza kumkemea. Maneno yake yalikuwa ya heshima, na heshima kwa Mungu imekuwa haba siku hizi. Hata hivyo ndani yake limejificha kosa la zamani sana, tena lililoanzia katika bara letu hili.

Mwanzoni mwa karne ya nne Ario, padre wa mji wa Aleksandria nchini Misri, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu si Mungu kweli, bali ni kiumbe, ingawa ni wa kwanza na bora kuliko viumbe vyote. Tusidhani kwamba alikusudia kumtukana Mungu. Alitaka kuulinda ukuu wake. Wafuasi wake walisema kwamba viumbe dhaifu visingeweza kustahimili kuguswa na mkono wa Mungu mwenyewe. Kwa hiyo ilibidi awepo mwingine wa katikati wa kuifanya kazi hiyo, kama vile mfalme asivyofagia uwanja wake mwenyewe.

Mwaka 325 Maaskofu walikusanyika Nisea, wakalikataa fundisho hilo, wakakiri kwamba Mwana ni Mungu kweli kama Baba. Askofu wa Aleksandria alifuatana na shemasi wake, Atanasi, ambaye mwaka 328 alikirithi kiti chake. Kwa ajili ya imani hiyo Mtakatifu Atanasi alifukuzwa mjini mwake mara tano, akakaa uhamishoni yapata miaka 17. Jibu lake kwa wafuasi wa Ario ni jepesi, nami nalipenda mno: Bwana wetu alifundisha kwamba Baba huwaangalia shomoro na kuhesabu nywele za vichwa vyetu, basi, ikiwa si aibu kwake kuvitunza vitu vidogo hivyo, ingekuwaje aibu kuviumba yeye mwenyewe?

Mfalme wa dunia hutuma watumishi kwa sababu nguvu zake zina mpaka. Akiwa hapa, hayuko kule. Mwenye mpaka ndiye alazimikaye kuchagua lipi kubwa la kulitazama na lipi dogo la kuliacha. Mungu hana mpaka. Tukimweka mbali kwa jina la heshima, kumbe twampima kwa kipimo cha wakubwa wetu.

Tena angalieni jinsi Kanisa linavyosali. Katika Nasadiki twataja kuumbwa kwa mbingu na nchi, nasi tumesimama wima. Lakini tufikapo penye maneno ya Mwana kutwaa mwili kwa Bikira Maria, twainama. Na katika sikukuu ya Noeli na ile ya Kupashwa Habari twapiga magoti. Babu zetu, kabla ya Kitabu cha Misa cha 1970, walipiga goti hapo kila mara. Nyota zote za mbinguni hazikuwapigisha goti, bali Mtoto tumboni mwa mama yake. Wazazi, waelezeni watoto wenu jambo hili, maana wengi huinama kwa kuwaiga wakubwa tu.

Yule mzee nilimweleza hayo kwa maneno machache (Ario nilimwacha kwao Misri). "Hata ng'ombe?" akauliza. "Hata ng'ombe." Tukasali pale pale penye samadi.

Ng'ombe alikufa usiku wa pili. Habari hiyo niliipata kwa mzee mwenyewe Dominika iliyofuata, nje ya kanisa, nikakosa la kusema. Yeye akanitangulia: "Nimemwambia na hilo pia, Baba. Na hiyo ada ya mtoto, bado naongea naye."