Gazeti la Ukutani na Swali la Alizeti

Insha isomwayo na mwalimu peke yake hufa mara isahihishwapo. Ile inayobandikwa ukutani, wanafunzi wakaisoma na kuijibu kwa maandishi, huzaa maswali mapya.

Mathalani, wilayani Ikungi, mkoa wa Singida, ambako alizeti hulimwa, mwanafunzi aweza kuandika kuwa ua la alizeti hulifuata jua siku zote. Mwenzake aliyepita shambani asubuhi na jioni atampinga: maua yaliyokwisha chanua hayageuki, bali huelekea mashariki kutwa. Wa tatu atauliza sababu.

Jibu ni hili. Mmea mchanga hugeuka kwa kuwa mchana upande wa mashariki wa shina hurefuka upesi zaidi, na usiku upande wa magharibi. Shina likikoma kurefuka, mgeuko nao hukoma. Ua lielekealo mashariki hupata joto mapema, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asubuhi huvutia nyuki wengi zaidi.

Basi mwalimu asikimbilie kulifuta kosa la kwanza, wala aliyekosea asidhihakiwe. Kosa na libaki ukutani juma zima pamoja na majibu yake, ili darasa lione jinsi ukweli unavyotafutwa.