Dondoo muhimu: Kuongoza wafanyakazi wa mashine ya kusaga au duka, Maisaka

Ukiwa na wasaidizi watatu au wanne, namna unavyoongoza huonekana upesi kazini.

• Amri kali iwe ya hatari: mkanda wa mashine ukichomoka, "Zima!" yatosha, maelezo baadaye.
• Mgeni kazini mwelekeze hatua kwa hatua. Mzoefu mwachie, ila hesabu kagueni pamoja kila jioni.
• Usimkaripie mtu mbele ya wateja. Kosa hili hufukuza wafanyakazi wazuri. Hata Mwongozo wa chama cha TANU wa 1971 ulishawakataza viongozi dharau na uonevu.
• Kabla ya kupanga zamu za msimu wa mavuno, waulize wanaobeba magunia.
• Usimpendelee ndugu yako.
• Saa za kazi zikizidi 45 kwa wiki, lipa ovataimu.