Kivuli cha Kahawa si Msitu

Swali huja kwa maneno yaleyale: "Mnunuzi wa Hamburg anataka ramani ya mashamba yote. Tunafanyaje?" Anayeuliza ana ofisi ghorofani, Samora au Sokoine Drive, eneo la Posta jijini Dar es Salaam. Kahawa yake iko Karagwe au Rombo, na wakulima wake hawajapata kusikia kwamba Brussels kuna kanuni namba 2023/1115 ya kuzuia bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu. Haya nayaandika kwa ajili ya anayeketi upande wa pili wa meza: mshauri kijana, afisa wa kampuni ya kusafirisha nje, au katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, aliyeitwa Posta kujieleza.

Anza kwa kumtuliza. Kanuni inahusu bidhaa saba na vile vinavyotengenezwa kwazo: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Korosho haimo, wala chai, katani, ufuta au karafuu. Ukimsikia mtu Kariakoo anamuuzia mwenye ufuta "cheti cha misitu cha Ulaya", huyo ni kanjanja. Hata kwa kahawa, Ulaya haitoi cheti cha namna hiyo. Mwenye wajibu ni mwagizaji wa kule. Yeye ndiye anayejaza tamko kwamba zao halikutoka kwenye msitu uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020, na kwamba lilizalishwa kwa kufuata sheria za nchi lilikolimwa. Sisi tunampa ushahidi. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili. Kwa marekebisho ya Desemba 2025, kampuni kubwa na za kati zinabanwa kuanzia 30 Desemba 2026, na ndogo 30 Juni 2027. Lakini usimwambie mteja alale. Kazi ya kuzunguka vijiji hailingani na kasi ya barua pepe.

Sasa tufike penye uzito. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kimetoa ramani ya misitu ya mwaka 2020, na wapo wanunuzi ambao hatua yao ya kwanza ni kuweka mashamba yetu juu ya ramani hiyo. Setilaiti ikikitazama kihamba, shamba la nyumbani la Uchaggani, inaona nini? Miruka na miringaringa juu, migomba katikati, kahawa imejificha chini kabisa. Ni rahisi kukisoma kihamba hicho kuwa msitu. Taarifa inarudi Posta ikiwa na alama nyekundu, na hapo mshauri mvivu hutoa ushauri mbaya kuliko wote: punguzeni miti ili shamba lionekane shamba.

Usithubutu. Kwa kanuni yenyewe, msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Lakini ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo haihesabiwi, na mazao yanayolimwa chini ya miti yametajwa waziwazi kuwa kilimo. Ramani ile nayo ni msaada wa uchunguzi tu, haina nguvu ya sheria. Dawa ya alama nyekundu ni maelezo. Shoka halina kazi hapo.

Na ukilitumia, gharama yake anailipa mkulima. Utafiti wa Alessandro Craparo na wenzake uliochapishwa 2015, kwa takwimu za Tanzania, ulihusisha kila nyuzi moja ya ongezeko la joto la usiku na upungufu wa takriban kilo 137 za arabika kwa hekta. Kivuli hakitaupoza usiku wa Kilimanjaro, lakini mchana kinakata ukali wa jua, kinatunza unyevu wa udongo, na majani yake yanaoza yakawa mbolea. Mkulima aliyeambiwa akate miti yake kwa sababu ya sheria ya kulinda misitu amefanyiwa kituko ambacho sijui nani atamweleza akakielewa.

Badala yake, kila penye alama nyekundu peleka mambo matatu. La kwanza, picha zilizopigwa ukiwa ndani ya shamba, zikionyesha mibuni chini ya miti, zenye tarehe na mahali. La pili, mwaka ambao kahawa ilipandwa kwa kauli ya mwenye shamba, ukilinganishwa na daftari la wanachama la AMCOS. La tatu, picha za zamani za Google Earth, za kabla ya 2020. Andika aya moja tu ya kueleza kihamba ni nini, au kibanja kama uko Kagera. Mkaguzi wa Hamburg huenda hajawahi kuona kahawa, ndizi na maharage vikishiriki udongo mmoja.

Kupima si kazi ya mitambo mikubwa. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja tu. Linalozidi hapo lichorwe mpaka wake wote. Simu ya kawaida ya Kariakoo yenye GPS inatosha, ila nunua na pawabenki. Kanuni inataka tarakimu sita baada ya desimali, usahihi wa kama sentimita 11, ilhali simu yenyewe inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti zaidi. Basi simama penye uwazi, subiri nukta itulie, ndipo uhifadhi.

Makosa makubwa hufanyikia ofisini, kwenye Excel. Bukoba iko karibu na latitudo -1.33 na longitudo 31.81. Ukisahau alama ya kutoa, shamba linahamia Uganda. Ukizigeuza namba hizo, linaangukia jangwani Algeria. Na kuzigeuza ni rahisi, kwa sababu faili la ramani la aina ya GeoJSON hutanguliza longitudo. Kabla ya kutuma chochote, fungua nukta zote kwenye ramani uzitazame kwa macho. Iliyoangukia ziwani utaiona papo hapo.

Kisha linganisha kilo na ukubwa wa shamba. Kagera kuna butura, kahawa inayouzwa ingali ua mtini, na pia magendo ya mpakani. Kahawa ya namna hiyo huweza kuingia ghalani kwa jina la mtu mwingine. Mwenye robo eka akionekana ameleta magunia arobaini, nukta yako ni sahihi lakini ushahidi ni wa uongo. Kanuni hairuhusu kuchanganya kahawa yenye asili inayojulikana na isiyojulikana, kwa hiyo shamba moja lenye shaka laweza kuuangusha mzigo wote. Aliyefyeka msitu mwaka 2022, kahawa yake itengwe mapema, kabla ya mzani, iuzwe kwingine. Kahawa ya vikombe vidogo tunayokunywa na kashata mitaa ya Kariakoo haiulizwi nukta.

Kuhusu ardhi, usimtishe mkulima asiye na hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki ya kimila hata isipokuwa na karatasi. Barua ya serikali ya kijiji ikitaja mwenye shamba na majirani zake husaidia sana.

Mwisho ni takwimu zenyewe, na hapa ndipo AMCOS hupunjwa. Jina la mkulima pamoja na nukta ya shamba lake ni taarifa binafsi chini ya sheria yetu ya 2022. Omba ridhaa kwa Kiswahili, kwa maandishi, ukitaja nani atazipokea. Acha nakala kamili AMCOS, si kwenye kompyuta ya mnunuzi peke yake, la sivyo msimu ujao chama kitakuwa mateka wa mnunuzi huyohuyo, kikishindwa kuuza kwa mwingine anayelipa vizuri zaidi. Mnunuzi akitaka ramani iwe yake tu, aigharamie, na bei iandikwe kwenye mkataba kabla kijana wa kwanza hajawasha simu shambani.