Kikanyagio cha Gita: Kukiunda na Kukirekebisha kwa Lugha Sahihi

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Ingawa msemo huu ulilenga vyombo vya baharini, unavihusu pia vyombo vya muziki. Wapiga gita wengi katika bendi za vyuo vyetu hukitazama kikanyagio, yaani kile kisanduku kinachowekwa sakafuni na kubonyezwa kwa mguu ili kuibadilisha sauti ya gita, kana kwamba ni kitu cha kuagizwa tu kutoka ng'ambo. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kikanyagio sahili kinaweza kuundwa mezani kwa vijenzi kumi na kimoja vya elektroniki. Aidha, yanashikilia kwamba kazi ya kukirekebisha inategemea usahihi wa lugha. Anayesema tu kuwa sauti ni mbaya hana pa kuanzia. Anayetofautisha mvumo, mchakacho, mtatariko na mkatiko amekwisha kukikaribia kijenzi chenye kasoro.

2.0 Chimbuko la Mkwaruzo

Kikanyagio tutakachokishughulikia ni cha mkwaruzo, ambacho wapiga gita hukiita fazi. Chimbuko lake ni hitilafu. Katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961 huko Marekani, gita la besi la Grady Martin lilipitishwa katika mtambo wa studio uliokuwa na kasoro, likatoa sauti ya kukwaruza. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuitupa sauti hiyo. Aliichunguza, kisha akashiriki kuunda saketi ya transista yenye uwezo wa kuitoa kwa makusudi. Kampuni ya Gibson iliitoa sokoni mwaka 1962 kwa jina Maestro FZ-1, na mwaka 1965 ikasikika ulimwenguni kote katika wimbo "Satisfaction" wa Rolling Stones. Mwaka 1966, kampuni ya Arbiter ya London ilitoa Fuzz Face, kikanyagio chenye transista mbili tu. Saketi tunayoieleza hapa ni ya ukoo huo.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Kundi la Konono Nº1 la Kinshasa lilikuza sauti ya likembe kwa maikrofoni za kujiundia kutokana na vipuri vya magari, na mkwaruzo uliotokea ukawa utambulisho wa muziki wao. Kwa hivyo, mkwaruzo si kasoro daima. Huwa kasoro pale tu unapotokea bila kutakiwa.

3.0 Muundo wa Saketi

Transista hukuza ishara dogo ya umeme itokayo kwenye gita. Ikilazimishwa kuikuza kupita uwezo wa betri, vilele vya wimbi hukatwa, na wimbi lililokuwa la mviringo huwa kama la mraba. Ukataji huo ndio sikio hulitambua kama mkwaruzo.

Vijenzi vinavyohitajika ni hivi:

(a) Transista mbili za silikoni aina ya 2N3904.
(b) Rezista tatu: ya omu 33,000, ya omu 100,000 na ya omu 470.
(c) Rezista ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, ya omu 10,000.
(d) Rezista mbili za kuzungushwa kwa mkono: ya omu 1,000 kwa kiwango cha mkwaruzo, na ya omu 500,000 kwa ukubwa wa sauti.
(e) Kapasita tatu: za mikrofaradi 2.2, 22 na 0.01.

Kwa vijenzi hivi ongeza betri ya volti 9, soketi mbili za kebo ya gita, swichi ya mguu na kisanduku cha alumini. Kwa aliye Nairobi, maduka ya Luthuli Avenue ni mahali pazuri pa kuanzia.

4.0 Uunganishaji

Kabla ya kulehemu, panga saketi kwenye ubao wa majaribio wenye vitundu, ambapo vijenzi huchomekwa na kuchomolewa bila moto. Ukiitazama 2N3904 kwa upande wake bapa, miguu ikielekea chini, utaipata emita kushoto, beisi katikati na kolekta kulia.

Ishara ya gita hupitia kapasita ya 2.2 hadi beisi ya transista ya kwanza. Emita yake huunganishwa na upande hasi wa betri. Kolekta yake hupata umeme wa upande chanya kupitia rezista ya 33,000, na pia huunganishwa moja kwa moja na beisi ya transista ya pili. Emita ya transista ya pili hushuka hadi upande hasi kupitia rezista ya kuzungusha ya 1,000. Mguu wa kati wa rezista hiyo huunganishwa na kapasita ya 22, ambayo nayo huishia upande hasi. Rezista ya 100,000 huirudisha sehemu ya umeme kutoka emita hiyo hadi beisi ya kwanza, na hivyo kuituliza saketi nzima.

Kolekta ya pili hupanda hadi upande chanya kupitia rezista mbili zilizofuatana: kwanza ile ya bisibisi, kisha ile ya 470. Mahali zinapokutana ndipo sauti inapotolewa, ikapita katika kapasita ya 0.01 hadi kwenye rezista ya ukubwa wa sauti. Mguu chanya wa kapasita ya 2.2 uelekee beisi, na wa kapasita ya 22 uelekee rezista ya kuzungusha.

Tumia betri pekee. Usijaribu kuunganisha saketi na umeme wa ukutani, wala usifungue amplifaya kuichokora, kwa kuwa kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa. Lehemu mahali penye hewa ya kutosha, na unawe mikono baadaye.

5.0 Kurekebisha: Kutoka Neno hadi Kijenzi

Hatua ya kwanza ni ya kipimo. Weka mita kati ya kolekta ya pili na upande hasi, kisha zungusha rezista ya bisibisi hadi usome takribani volti 4.5, yaani nusu ya betri. Hapo wimbi lina nafasi sawa ya kupanda na kushuka. Baada ya hapo, sikio ndilo huamua, na lugha hulielekeza sikio.

Mkatiko: noti inakufa ghafla badala ya kufifia. Volti za kolekta ya pili zimeenda mbali na nusu. Rudi kwenye bisibisi.

Uzito: nyuzi nene zinatoa sauti ya matope. Badilisha kapasita ya 2.2 kwa ya mikrofaradi 0.1. Kapasita ndogo huzuia sehemu ya mawimbi mazito.

Mchakacho: kunasikika kama majani makavu, pengine hata redio ya mbali. Weka kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza.

Mvumo: ni sauti nzito isiyokoma, itokanayo na umeme wa nyumba. Hakikisha kisanduku cha chuma kimeunganishwa na upande hasi, na waya za ndani ni fupi.

Mtatariko: ukitokea unapogusa kisanduku, kuna kiungo kilicholehemiwa vibaya. Ukitokea unapozungusha kitufe, rezista hiyo ina vumbi au imechakaa.

Unyonge: sauti ni hafifu kuliko ya gita lenyewe. Badilisha rezista ya 470 kwa ya 1,000, kisha pima tena volti za kolekta.

Kanuni moja inatawala yote haya: badilisha kijenzi kimoja tu kwa wakati, sikiliza, andika ulichosikia, ndipo uendelee. Anayebadilisha viwili kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomsaidia. Fauka ya hayo, jaribu kikanyagio kwa gita na amplifaya utakazotumia jukwaani.

Msomaji anayevutiwa na transista za zamani za jerimani azingatie hali ya hewa. Mkondo unaovuja ndani yake huongezeka joto linapopanda. Kikanyagio cha jerimani kilichorekebishwa katika ubaridi wa Eldoret huenda kikahitaji bisibisi tena katika joto la Mombasa. Silikoni haisumbuki hivyo, na ndiyo sababu tumeichagua.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba kijenzi cha bei ndogo hubadilisha sauti nzima, mradi ijulikane ni kipi cha kuguswa. Ujuzi huo huanza na neno. Mara nyingi hudaiwa kuwa Kiswahili hakitoshi katika karakana, ilhali mizizi ya maneno tuliyoyatumia kuitambua hitilafu ilikuwamo katika lugha kabla ya transista kuvumbuliwa. Mwanafunzi wa Kiswahili asingoje mhandisi amtafsirie. Achukue chuma cha kulehemu, kwani mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.