Sukari Ina Kufuli, Jiko Halina

MUULIZE SHANGAZI



Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nyumbani tuko wanane: mimi, mume wangu, watoto, mama mkwe aliyetoka Pangani mwaka juzi kuja kutibiwa macho na akabaki, shemeji yangu anayesoma chuo, na dada wa kazi. Natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, narudi saa moja usiku nikiwa hoi.

Tangu Januari nimeamua kubana matumizi, maana mshahara ulikuwa unakata tarehe 15. Sukari nimeifungia kabatini kwa kufuli, ufunguo natembea nao. Makopo ya siagi situpi. Mifuko ya rambo ya zamani naifua na kuianika. Majani ya chai tunachemsha mara mbili. Mtungi wa gesi tunao, ila nimekataza usiwashwe ovyo usije ukaisha. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo nilivyofundishwa.

Lakini Shangazi, sioni nafuu. Mkaa ni kopo la 3,000 kila siku. Mchele kilo mbili kwa chakula cha usiku, na asubuhi nakuta sufuria ina wali umechacha, unakwenda jalalani. Nikimuuliza dada, ananijibu, "Mama, siku ile ulipopungua si uligomba?"

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jumapili mbili zilizopita mama mkwe alitembelewa na ndugu zake watatu. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha kikoba, ufunguo mkobani. Wageni wakanywa chai bila sukari. Mama hakusema neno mbele yao. Nilivyorudi akaniambia, "Mwanangu, nimekaa kwenye nyumba za dhiki, lakini sijawahi kufungiwa." Tangu siku hiyo ananunua sukari yake robo robo dukani kwa Mangi na kuiweka chini ya mto. Mume wangu naye kayahesabu makopo yangu: 61. Anasema chumba cha kulala nimekigeuza dampo.

Nyumba hii naibeba mimi, wao wanakula tu. Nimekosa wapi?

Mama Makopo, Tabata

* * *

Mwanangu. Pole na daladala za alfajiri.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, nikawa najumlisha pembeni. Sukari ya watu wanane, hata waifakamie, haizidi sana kilo nane kwa mwezi. Tufanye kilo ni 3,000. Hiyo ni 24,000. Mkaa wa 3,000 kila siku, mwezi ukiisha ni 90,000. Yaani 24,000 umeitia kufuli, 90,000 iko uani inawaka na hakuna anayeichunga. Halafu una mtungi wa gesi unaoogopa kuuwasha! Kwa hiyo mtu akitaka kikombe cha chai, jiko la mkaa linakokwa upya, na chai ikishaiva mkaa unaendelea kuwaka peke yake mpaka uwe jivu. Gesi hiyo unamtunzia nani?

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, ikitaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nawatakia heri. Ila wewe unapika leo usiku, kwa hiyo tuanze na ulichonacho. Chai, mayai, uji wa mtoto na kupasha chakula, vyote hivyo viende kwenye gesi. Mkaa uwashwe mara moja kwa siku, na ukiwashwa uwe na kazi za kufuatana: maharage kwanza, mchuzi, mwisho wali, na moto unapofifia weka maji ya kuoga. Jiko lenyewe likiwa la bati tupu, nunua lenye udongo ndani. Na chakula kikishaiva, makaa yaliyobaki yafunikwe kwenye chungu yazimike. Kesho yatawaka tena.

Maharage ndiyo yanayokumaliza, hata kama hukuyataja. Najua nyumba za Dar. Maharage yanaoshwa saa tisa alasiri, yanabandikwa makavu, na saa moja usiku bado yanagonga sufuria. Mwambie dada ayaloweke usiku wa kuamkia. Asubuhi amwage maji yale, atie mengine, ayachemshe kwa nguvu dakika 20 hivi, tena kwa nguvu kweli, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemka sawasawa huharibu tumbo vibaya. Kisha atafute kikapu kikubwa cha ukili. Ndani atandike blanketi kuukuu na khanga mbili tatu zilizochakaa, sufuria iingie ikiwa inatokota na mfuniko wake, ifunikwe kwa mto, kikapu kikae kwenye kona ambayo watoto hawafiki. Baada ya saa tatu au nne afunue, mvuke umpige usoni. Yatakuwa yamelainika bila punje ya mkaa. Atayachemsha mara moja kabla ya kuyaunga. Mimi kikapu changu nimekitumia miaka tisa. Mume wangu mara ya kwanza aliuliza kama nimezaa.

Sasa mchele. Watu wanane, wawili wao watoto wadogo nadhani, kilo mbili kila usiku ni chakula cha shughuli. Kilo moja na robo inawatosha na ukoko unabaki. Hiyo robo tatu unayoizidisha, kwa mchele wa 2,800, ni shilingi 2,100. Mkila wali usiku 17 tu kwa mwezi, umemwaga 35,700. Hiyo ni zaidi ya sukari yako yote, kufuli ukilihesabu.

Usikimbilie kumlaumu dada. Kakueleza mwenyewe: ulipopungua uligomba. Mtu aliyewahi kugombezwa kwa wali kupungua atapika wa ziada maisha yake yote, na mimi simlaumu. Tena niambie, huyo binti anajuaje usiku huo watakula wangapi? Mume kapitia kwa rafiki zake, kala chipsi. Shemeji yuko kwenye kundi la majadiliano, atarudi saa nne au hatarudi. Yeye anapikia watu wanane kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba leo ni watano. Wekeni utaratibu: kila asiyekula nyumbani atume ujumbe kwa dada kabla ya saa kumi jioni. Wa kuchelewa chakula chake kipakuliwe mapema kiwekwe kwenye hotpoti, siyo kuachiwa sufuria nzima. Na mpatie binti kipimo. Moja ya yale makopo 61 litafaa: chagua moja, upime mchele wa mtu mmoja, uliwekee alama ya msumari, ulitumbukize kwenye ndoo ya mchele. Watu watano, makopo matano. Siku ukipungua, ujilaumu wewe uliyechora alama.

Kuhusu kiporo, hapo nitakuwa mkali kidogo. Wali uliolala jikoni kwenye joto la Dar haurudi kuwa chakula kwa kupashwa moto. Kuna vijidudu vinavyoacha sumu yao ndani ya wali, na sumu hiyo moto hauiondoi. Wa nazi ndio kabisa, unachacha ukiuangalia. Mkimaliza kula, uliobaki utandazwe kwenye chombo kipana upoe haraka, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, na kesho upashwe mpaka utoe moshi. Umeme ukiwa umekatika, pelekeni kwa kuku. Kama hamna kuku, wapo majirani wanaofuga.

Ila uliowahi friji ni mali. Muulize mama mkwe. Mtu wa Pangani kukosa la kufanya na wali wa jana! Atakwambia kwamba ukisaga mchele wa vitumbua, ukitupia na konzi ya wali uliopikwa, vitumbua vinatoka laini. Atakwambia machicha ya nazi hayatupwi, kuku wanayagombania, na ukiyasugulia sufuria yenye mafuta yanang'arisha. Kifuu kinawashia jiko. Mama huyo alikuwa anaishi bila kutupa kitu kabla mimi na wewe hatujajua kwamba jambo hilo lina jina. Wewe umekaa naye mwaka wa pili unamfungia sukari.

Nitakueleza kisa cha kwetu, usikiweke moyoni sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchini, sukari na sabuni tulipangia foleni, unga tuliokula ni ule wa njano tuliouita wa yanga. Mama yangu alijifunza kuficha. Vipande vya sabuni alivikusanya kwenye soksi akaifunga fundo, tunaogea soksi. Dhiki ile ikapita, maduka yakajaa, yeye hakuacha. Alipofariki tulifungua sanduku lake tukakuta miche 19 ya sabuni imekauka, imepasuka kama gome la mti, haitoi hata povu. Dada yangu alijaribu kuifulia akacheka huku analia. Lakini kuna jambo moja. Kwenye ile dhiki yote sukari yake ilifichwa wapi hatukujua sisi watoto, ila mgeni akikaa mkekani, chai ilikuja tamu. Akiulizwa baadaye tutakunywa nini, anasema tutakunywa maji.

Kwa hiyo makopo. Acha kumi, uyajaze dengu na chumvi. Mengine wape wauza ubuyu na karanga wa mtaani kwenu, watakushukuru. Ile mifuko ya rambo itoe ndani haraka. Ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na wewe unaianika kwenye kamba kama shahada! Majani ya chai chemsheni mara moja. Ya mara ya pili ni maji yenye rangi, yanawafanya watu waongeze sukari. 

Umesema nyumba unaibeba wewe, wao wanakula tu. Hapo nadhani ndipo panapokuuma kuliko sukari, na una haki ya kuumwa. Ila huwezi kuwachunga watu saba kwa kufuli huku uko mjini kuanzia alfajiri. Mume wako aliyepata muda wa kuhesabu makopo, mpe kazi ya kuhesabu: yeye ndiye awe mtu wa mkaa na mchele. Mkaa wa kopo ni ghali kuliko wa gunia, kila mtu anajua, tatizo ni kuipata hela ya gunia kwa mkupuo. Mshirikiane na jirani mmoja mgawane. Mchele hivyo hivyo, katikati ya mwaka, mavuno yakishaingia sokoni na bei ikiwa imelegea. Ila tenga la nyanya usinunue hata likiwa la bei ya kutupa. Bei hiyo ni ya mama lishe anayelimaliza kwa siku mbili. Kwako nusu itaozea uvunguni.

Watoto nao wasipakuliwe milima. Kama mama yupo tayari, wakae naye kwenye sinia moja. Mtoto anayekula na bibi yake hachezei chakula, kwa sababu kijiko cha bibi kinakuja upande wake.

Limebaki suala la mama mkwe mwenyewe, na hili usilimalize kwa simu wala kwa kumpitia mume wako. Kufuli litoe leo. Sukari iingie kwenye kopo lenye mfuniko, iwekwe mezani, na kile kifurushi cha chini ya mto usikiulizie. Siku moja atakileta mwenyewe jikoni. Usimpe hotuba ya bajeti. Mwambie, "Mama, nisamehe kwa siku ile ya wageni," basi, na uwaalike tena wale ndugu zake watatu uwepo na wewe.

Kisha Jumamosi mwombe akusindikize soko la Buguruni. Mwambie unataka nazi, na wewe nazi hujui kuchagua. Atainama, ataokota moja, ataitikisa sikioni, ataiweka. Ataokota nyingine. Muuzaji ataanza kununa. Wewe simama tu hapo ushike kikapu, usimharakishe.

Shangazi