Maswali na Majibu: Timu ya Shule na Ufundishaji wa Kusoma Madarasa ya Awali

Swali la 1. Timu ya shule ni akina nani?
Mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma na walimu wote wa Darasa la I na la II. Afisa Elimu Kata si wa shule, lakini ndiye anayezisimamia shule za kata, hivyo afunzwe pamoja nao.

Swali la 2. Kwa nini ifunzwe timu, si mwalimu mmoja?
Mwalimu mmoja akihamishwa, ujuzi umehama naye. Hata akibaki, hatafika mbali peke yake. Tangu 2015 mtaala wa Darasa la I na la II Tanzania Bara umejikita katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mwalimu mkuu asiyeuelewa atakuta ubaoni silabi nne tu, adhani mwenzake mvivu, amwagize akimbizane na kitabu.

Swali la 3. Taja makosa ambayo timu ifunzwe kuyatambua.
La kwanza, kufundisha jina la herufi badala ya sauti yake. Mwalimu anaonyesha b, anasema "be", kisha "a". Mtoto anaunganisha alichosikia: "bea". Anaambiwa amekosea, ni "ba", naye hajui ile e imeenda wapi. Itamkwe sauti fupi ya b, ifuatwe na irabu.

La pili, kuimba. Darasa zima linaitikia "ma, me, mi, mo, mu" kwa shangwe, na mgeni aliye mlangoni anasifu. Sasa fimbo iguse "mo" kwanza, kisha "mi", na ajibu mtoto mmoja. Hapo ndipo utajua nani anasoma na nani amekariri wimbo.

La tatu, kukata silabi. Mbu ni m-bu, lakini mbuzi ni mbu-zi. Walimu wenyewe hubishana hapa. Heri wabishane kwenye mafunzo kuliko mbele ya watoto.

Swali la 4. Mafunzo yaendeshweje?
Semina ni mwanzo tu. Kazi hasa iko shuleni: mmoja anafundisha, wenzake wanaketi nyuma, wanajadili siku hiyohiyo. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imejengwa juu ya wazo hilo kupitia jumuiya za kujifunza. Tahadhari: kikao kikianza na matangazo ya ofisi, kusoma hakutajadiliwa.

Swali la 5. Maendeleo ya watoto yapimweje?
Mtoto mmoja mmoja, kwa kifungu asichokijua. Hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa kwa dakika moja, kisha muulize maswali ya ufahamu. Asiyeweza kujibu alitamka tu.

Swali la 6. Mtoto akisoma "lafiki" badala ya "rafiki", amekosea?
Kama ndivyo anavyotamka siku zote, usimkate alama. Kanda ya Ziwa wengi huchanganya l na r, na herufi ameitambua. Matamshi yafundishwe katika kipindi kingine.