Somo: Kuchagua Mashine ya Maji ya Meno

Siku hizi madukani kuna mashine ndogo ya kurusha maji katikati ya meno. Ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1960. Je, tununue?

Kwanza tujue kazi yake. Maji hutoa mabaki ya chakula pale mswaki haufiki, na husaidia ufizi unaotoka damu. Lakini ukoga unaonata kwenye jino huondolewa na mswaki. Kwa hivyo mashine ni msaidizi tu. Mswaki na dawa ya meno yenye floraidi, mara 2 kwa siku, ni lazima.

Ukinunua, angalia haya:

1. Nguvu ya maji iweze kupunguzwa. Anza na ya chini kabisa.
2. Tangi lifunguke, lioshwe na kukaushwa.
3. Ncha za kubadilisha zipatikane. Kila mtu awe na yake.
4. Stima ikipotea mara nyingi kwenu, chagua ya kuchaji.

Tia maji yaliyochemshwa yakapoa.

Mwenye nyaya za kunyoosha meno hufaidika sana. Kwa wengine, pesa zitangulie kununulia kila mtoto mswaki wake. Ufizi ukizidi kutoka damu wiki 2, mwone daktari wa meno. Ukoga uliogeuka jiwe hautolewi na maji, na ukiachwa, hata jino zima hulegea.

Ya kujadili: Nyumbani kwako, watu wangapi wanatumia mswaki mmoja? Kikundi kifanye nini?